MTOTO AJIFUNZE KUITIKA MWENYEWE

Masomo: 1 Samweli, sura ya 1 mpaka ya 3





Kila mwezi wa kenda, masomo yanapofunguliwa, wazazi wanaleta watoto wao mbele ya kanisa ili waombewe. Tunawaombea kwa furaha. Lakini mwaka unapokwisha, wengine kati ya wazazi wale wale wanarudi kwetu na huzuni, kwa sababu mtoto ameanguka. Wanatuuliza: Tulilipa minervali, tulinunua kaye na biki na viatu, tuliomba na kufunga. Tulikosea wapi?

Swali hili ni zito, na hatutaki kulijibu kwa haraka. Tunajua kwamba kuna mengi yasiyo mikononi mwa mzazi. Tunajua madarasa yaliyojaa watoto kupita kiasi, walimu wasiopata mshahara wa kutosha, na siku ambazo mtoto anakwenda shuleni bila kula kitu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali ni za bure, lakini katika sekondari wazazi wangali wanahangaika kutafuta feza. Hayo yote ni kweli. Lakini liko jambo moja lililo mikononi mwetu, hata katika nyumba ya maskini, na ndilo tunalotaka kuwaeleza leo: kumfundisha kijana kuitika mwenyewe anapoitwa.

Tuanze kwa ungamo. Mmoja wetu sisi tunaowaandikia alikuwa na binti katika mwaka wa kwanza wa humanités. Kila asubuhi baba huyo alimwamsha mwenyewe, akamtazamia mfuko wa vitabu, akamkumbusha kazi za nyumbani, na jioni akakaa naye akimwambia majibu. Alama zilikuwa nzuri, na baba alijisifu mbele za watu. Kisha akapata safari ya kazi ya majuma matatu. Aliporudi alikuta binti amechelewa shuleni mara nyingi, amesahau kaye, na katika interogasyo mbili amepata sifuri. Baba alikasirika sana. Binti akamwambia kwa upole: «Papa, sikujua saa ya kuamka. Ni wewe uliyekuwa unaijua.»

Neno hilo lilimchoma baba yule. Alielewa kwamba mwaka mzima aliyekuwa anasoma ni yeye, wala si mtoto. Na mbele ya karatasi ya mtihani hakuna papa wala mama. Hapo mtoto anaitwa kwa jina lake, naye ataitika peke yake.

Wapendwa, Maandiko Matakatifu yanatuonyesha kijana aliyeitwa kwa jina lake usiku. Ni Samweli. Tusome habari zake pamoja, tuone jinsi wakubwa walivyomsaidia.

1. Vazi la kila mwaka

Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi. Alipompata na kumwachisha maziwa, alimpeleka Shilo katika nyumba ya Bwana, akamwacha kwa kuhani Eli. Lakini hakumsahau. Biblia inasema kwamba kila mwaka alimfanyia vazi dogo, akampelekea alipokwenda kutoa dhabihu (1 Samweli 2:19).

Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mtoto anakua. Vazi la mwaka jana linambana mabega. Hana hakumwona mwanawe kila siku, lakini moyoni mwake alijua kipimo chake kimeongezeka, akashona kwa kipimo kipya.

Sisi wazazi wengi tuna vazi moja tu. Mtoto wa miaka kumi na saba tunamvika vazi la mtoto wa miaka minane: tunamchagulia kila kitu, tunamfokea kwa kila kitu. Wengine tunakosea kwa upande mwingine: mtoto wa miaka kumi na miwili tunamvika koti la mtu mzima, tunasema, Amekwisha kukua, ajitafutie. Koti hilo linamwangusha.

Tuone mfano. Katika nchi yetu, baada ya miaka sita ya msingi, mtoto anasoma mwaka wa saba na wa nane, kisha miaka minne ya humanités. Hiyo ni miaka sita, nayo ni mavazi sita. Katika mwaka wa saba, kaa karibu naye jioni anapofanya kazi zake. Katika mwaka wa nane, mwache aanze peke yake, nawe uje kutazama mwisho. Akiingia humanités, apange mwenyewe saa zake za kusoma, aziandike kwenye karatasi, aibandike ukutani. Wewe utauliza mara moja kwa juma: Je, ulifuata ulichoandika? Na akifika mwaka wa mwisho, ni yeye atakayekuja kukueleza wewe amefika wapi, kabla hujamwuliza.

Kuna jambo lingine. Wakati wa kuchagua sekisyo, iwe ualimu, biashara, biokemia au ufundi, tusishone vazi kwa kipimo chetu wenyewe na kumvika mtoto. Baba aliyetaka kuwa daktari na asifaulu, asimlazimishe mwanawe alipe deni hilo. Mwulize mtoto: Ni masomo gani unayoyafanya bila kusukumwa? Waulize na walimu wake. Kisha mweleze ukweli kuhusu feza na kazi. Mkisha kuongea, akichagua na kujua kwamba yeye ndiye aliyechagua, hatakuwa na mtu wa kumlaumu, na atafanya bidii.

2. Eli alimrudisha kitandani

Usiku ule Samweli aliposikia jina lake, alifanya kama watoto wetu wote: alikimbilia kwa mkubwa. Alikimbia mara tatu. Tazameni vizuri alichofanya Eli. Hakuondoka kitandani kwenda kuitika mahali pa mtoto. Wala hakumfukuza kwa hasira kwa sababu amemwamsha usiku. Alifikiri, akaelewa ni nani anayemwita kijana, akamfundisha jinsi ya kuitika, kisha akamrudisha mahali pake (1 Samweli 3:9). Samweli alikwenda akalala peke yake, akingoja sauti. Hapo ndipo alipoanza kuwa nabii.

Na tusisahau: macho ya Eli yalikuwa yameanza kufifia, na sauti ile yeye hakuisikia hata mara moja. Mtoto ndiye aliyeisikia. Tunawaambia hivi wazazi wanaolia kwamba hawakusoma, hawajui hesabu wala Kifaransa. Mama, huna haja ya kujua fizika ili kumsaidia mwanao. Eli hakusikia kitu, lakini alimwonyesha mtoto njia.

Basi, kijana akikuletea kazi yake na kusema, Hii imenishinda, usimpe jibu, na usimfukuze. Mwulize maneno matatu. La kwanza: Wanakuuliza nini? Akusomee swali kwa sauti na kulieleza kwa lugha ya nyumbani. La pili: Mwalimu alieleza jambo hili wapi katika kaye yako? Atafute mwenyewe. La tatu: Ukishindwa kabisa, utamwuliza nani kesho? Kisha mrudishe mahali pake. Mara nyingi utamwona anapata jibu kabla ya kumaliza la pili.

Vivyo hivyo na kuamka. Mpe saa au simu ya kumwamsha, umwambie siku ya kuanza, kisha unyamaze. Akichelewa, apokee adhabu ya shule. Na akisahau kaye, usimkimbizie mpaka mlangoni pa darasa. Inauma, tunajua. Lakini afadhali apate sifuri katika interogasyo moja ya mwezi wa kumi na ajifunze, kuliko kuanguka mwishoni wakati hatuwezi tena kurekebisha. Mwaka una semesta mbili, na kila semesta ina periode mbili na mtihani wake. Anguko dogo la periode ya kwanza linaweza kuponywa. Mungu ametupa nafasi hizo ndogo ili mtoto ajifunze kuanguka na kuinuka angali karibu nasi.

Yule baba tuliyemtaja alifanya hivyo. Juma la kwanza binti alichelewa mara mbili. Juma la pili mara moja. Baadaye aliamka kabla ya baba. Alama za periode ile zilishuka kidogo, na baba alilala vibaya. Lakini zilizofuata zilikuwa za binti mwenyewe.

3. Milango ya asubuhi

Baada ya usiku mkubwa namna ile, Samweli alifanya nini? Alilala mpaka asubuhi, kisha akaifungua milango ya nyumba ya Bwana (1 Samweli 3:15). Mungu amesema naye, lakini kazi yake ya kila siku hakuiacha. Alikuwa na mlango wake wa kufungua.

Kijana asiye na kazi nyumbani hatakuwa mwaminifu shuleni. Uaminifu ni mmoja: anayekumbuka kuchota maji bila kuambiwa, atakumbuka na kusoma somo lake. Kila mtoto awe na mlango wake, kazi moja au mbili ambazo zisipofanyika watu wote wataona ni yeye aliyeziacha.

Lakini hapa tuseme ukweli, hata kama utatuaibisha. Katika nyumba zetu nyingi, msichana anatoka shuleni, anachota maji, anawasha makala, anasonga bukari, anaosha sahani, anabeba mdogo wake mgongoni. Kaka yake anakwenda kucheza mpira. Saa mbili za usiku umeme umekatika, msichana anasinzia juu ya kaye karibu na mshumaa, nasi tunamwuliza kwa nini amepata alama ndogo. Wapendwa, hiyo si haki mbele za Mungu. Katika kanisa letu tumefundishwa Mapendo, Amri na Kazi, na kazi haikupewa wasichana peke yao. Mgawe kazi kwa watoto wote. Mchague saa moja kila siku, kabla giza halijaingia, ambayo hakuna mtoto anayetumwa: si dukani, si kisimani, si kwa jirani. Na simu zote zikae kwa mama wakati huo, hata simu ya papa. Mtoto akimwona baba ameshika simu na kucheka, hataamini kwamba kusoma ni jambo kubwa.

4. Habari mbaya za asubuhi

Samweli aliogopa kumwambia Eli aliyosikia, kwa sababu yalikuwa mabaya kwa nyumba ya Eli. Mzee akamwita, akamwomba asimfiche neno lolote. Samweli akamwambia yote. Eli hakumpiga, hakumtukana, hakusema kwamba mtoto anadanganya. Alipokea neno lile kama neno la Bwana (1 Samweli 3:16-18).

Papa na Mama, tunawauliza: Mwanao akipata alama mbaya leo, ataweza kukuambia? Au ataficha buletini chini ya godoro, au atamlipa mtu mkubwa aweke sahihi mahali pako? Watoto wengi hawasemi uongo kwa sababu ni wabaya. Wanasema uongo kwa sababu ukweli nyumbani kwetu unalipwa kwa fimbo.

Buletini inapofika, msiipokee mbele ya wageni. Kaeni pamoja, mtoto mwenyewe asome alama zake kwa sauti, somo kwa somo. Anza na zile nzuri. Kisha umwulize: Hii imeshuka kwa nini, na utafanya nini katika periode inayokuja? Aseme neno moja analoweza kulitimiza, si maneno kumi. Andikeni, mwombe pamoja. Mtoto aliyesema ukweli asiadhibiwe kwa sababu ya ukweli. Aliyeficha, aonywe kwa sababu ya kuficha. Hiyo ndiyo Amri, nayo inakwenda pamoja na Mapendo.

5. Uma wa wana wa Eli

Sasa tuje kwenye neno chungu. Eli huyu aliyemsaidia vizuri mtoto wa mwingine, aliharibu nyumba yake mwenyewe. Wanawe, Hofni na Finehasi, walimtuma mtumishi achovye uma katika vyungu vya watu, wakachukua nyama isiyo yao (1 Samweli 2:12-16). Baba alijua. Aliwasemesha, lakini hakuwazuia, na Bwana alimhukumu kwa hilo (1 Samweli 3:13).

Kununua alama ni kuchovya uma huo. Tunajua yanayofanyika. Mzazi anapeleka feza kwa mwalimu kabla ya deliberasyo. Wengine wanachanga ili majibu ya Mtihani wa Serikali yaingizwe katika chumba kwa njia ya simu, hata kama simu zimekatazwa. Wanasema: Wote wanafanya, tukikataa mtoto wetu ataachwa nyuma.

Mtihani huo unafanyika katika nchi yetu tangu mwaka 1967, ili diploma ya mtoto wa kijijini na ya mtoto wa mjini iwe na uzito mmoja. Tukiununua, tunamwibia mtoto wa jirani aliyekesha, na tunamwibia mtoto wetu pia. Kwa maana siku tunapomnunulia jibu, tunamwambia bila kusema: Mwanangu, hatukuamini. Tunajua huwezi. Kijana anasikia neno hilo. Anaweza kupata diploma, lakini atafika chuo kikuu au kazini, ataitwa kwa jina lake, naye hatajua kuitika. Atatafuta tena mtu wa kumlipa.

Basi tunaomba kila nyumba ya kanisa iamue leo. Mwambieni mtoto mapema, mwezi wa kenda, wala si mwezi wa sita: Sisi hatutanunua. Tutalipa minervali, tutakutafutia kitabu au mtu wa kukueleza hesabu, tutakuombea. Yaliyobaki ni yako. Ukianguka kwa haki, utarudia mwaka, na utabaki mtoto wetu, na chakula chako kitakuwa mezani. Mtoto aliyeambiwa hivyo anaogopa kidogo, ndiyo, lakini anajua amesimama juu ya nini.

6. Nyumba ambayo baba hayupo

Wako kati yetu akina mama wanaosema: Mafundisho haya ni ya nyumba zenye baba. Mimi niko peke yangu, nauza makala sokoni tangu asubuhi, narudi usiku. Nitamchungaje kijana?

Mama mpendwa, kumbuka nyumba ya Papa Simon Kimbangu. Alipokamatwa mwezi wa Septemba 1921, Kisolokele alikuwa na miaka saba, Dialungana mitano, na Diangienda mitatu. Baba yao aliletwa huku Katanga, katika gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka thelathini. Hakuwaamsha asubuhi, hakutazama kaye zao. Mama Mwilu Marie alibaki na mzigo katika nyakati za mateso. Na watoto hao walikua. Diangienda, yule mdogo, alisoma, akafanya kazi ya ofisi katika utawala wa Wabelgiji, kisha akaliongoza kanisa mpaka alipofariki mwaka 1992.

Hatusemi hivi ili kujisifu. Tunasema ili mama aliye peke yake ajue kwamba mtoto halindwi na macho ya mzazi peke yake. Analindwa na yale yaliyopandwa ndani yake, ambayo yanabaki hata mzazi akiwa mbali. Kama huwezi kuwa nyumbani jioni, tenga nusu saa siku ya Mungu baada ya ibada, mwanao akueleze juma lake. Na ninyi wazee wa parokia, na vijana mliokwisha kumaliza humanités, fungueni milango ya kanisa jioni, muwashe taa, wakae hapo watoto wasio na mwanga nyumbani. Eli hakuwa baba wa Samweli, lakini alimwonyesha njia.

Kwa kumaliza

Na ninyi vijana, mliosoma mpaka hapa: msichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kuwaambia wazazi, Niacheni. Samweli aliitika mwenyewe, lakini kwanza alimkimbilia mkubwa na kumsikiliza. Anayetaka kuaminiwa aanze na kitu kidogo juma hili: aamke bila kuitwa, afungue mlango wake, aseme ukweli wa alama zake.

Wazazi wapendwa, siku moja hatutakuwapo. Jina la mwanao litaitwa darasani, kazini, katika ndoa, mbele ya majaribu, na mwisho mbele ya kiti cha Mungu. Hatutaweza kuitika mahali pake. Kwa hiyo, leo usiku, kijana akija kwako mbio na kusema, Nimeshindwa, usiondoke kitandani kwenda kumfanyia, wala usimfukuze. Mwonyeshe njia, mwekee mkono kichwani, umrudishe mahali pake.

Mungu wa Samweli aseme naye huko. Amina.